Mkwe wa Figili, Sehemu ya Tisa: Fimbo ya Kumi na Tano

Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano.

Nikazihesabu tena kuanzia upande wa pili, maana labda fimbo za gofu nazo zina aibu. Kumi na tano.

Hapo ndipo tulipoachana Jumapili iliyopita, msomaji wangu: nimesimama kwenye kianzio cha shimo la pili, mkono umezama ndani ya mkoba, jasho la baridi linanitiririka mgongoni. Ilikuwa raundi ya mwisho ya shindano la mwisho la msimu. Sheria inaruhusu fimbo kumi na nne, na hilo hata mtoto wa darasa la kwanza anayetazama gofu na babu yake analijua. Mimi nimecheza gofu ya kulipwa kwa miaka kumi na tisa.

Kama umetukuta njiani leo, usipate taabu, nitakushika mkono. Naitwa Nomiyama Tetsuya, umri miaka arobaini na mbili, ushindi sifuri. Nomiyama si jina la baba yangu, ni jina la ukoo wa mke wangu Kanae. Mimi ni mwanaume niliyeolewa. Kwao hawakujaliwa mtoto wa kiume, duka lao la figili za kusindika lilitaka jina la kuendelea nalo, na mimi nilitaka mahali pa kulala kati ya shindano na shindano. Nikahamia kwa wakwe hapa mji wa Tano, mkoa wa Miyazaki, Japani, na begi moja la soksi.

Msimu huu nimecheza mashindano ishirini na manne. Mara kumi na saba nimechujwa katikati ya shindano Ijumaa jioni na kurudi nyumbani kabla wenzangu hawajaanza kazi ya maana. Rekodi moja ninayo, na sijasikia mtu akiigombea: mapigo kumi na moja kwenye shimo linalotakiwa kumalizwa kwa matatu, nane kati ya hayo ndani ya mtego mmoja wa mchanga, televisheni ikionyesha moja kwa moja. Mpaka leo watu wananisimamisha stesheni tupige picha. Wananiita Bwana Mchanga.

Sasa sikiliza hesabu, ni fupi. Msimu ukiisha, wachezaji sitini na tano wa kwanza kwenye orodha wanabaki na haki ya kucheza mwaka unaofuata. Wa sitini na sita anaaga. Asubuhi ile wa sitini na sita nilikuwa mimi. Wa sitini na tano alikuwa kijana niliyepangwa kucheza naye, Tokumaru Genki, miaka ishirini na mitatu, ana adabu mpaka inaudhi. Tulianza siku tukiwa sawa kwa mapigo. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi: nikimshinda hata kwa pigo moja, nabaki mimi. Tukitoka sare, anabaki yeye.

Na nisipobaki je? Hapo ndipo anapoingia mama mkwe.

Mama Fusae ana miaka sitini na minane. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa kedi kwenye uwanja huu huu, akibeba mikoba ya wageni na kuwasomea nyasi. Kedi wangu mimi alinikimbia mwezi wa tisa, akasema daktari amemkataza huzuni. Mama mkwe akajitolea kunibebea shindano hili la mwisho, kwa sharti moja: nikipoteza nafasi, nafunga mkoba, napanda kichanja.

Kichanja ni miti na mianzi iliyosimamishwa katikati ya shamba, mita sita kwenda juu, ambako figili zinaning'inizwa zikaushwe na upepo wa mlima Wanitsuka kabla hazijatiwa chumvi. Majirani wanapanda huku wakiimba. Mimi kubadilisha taa ya jikoni tu naita mtu anishikie kiti.

Haya, turudi kwenye mkoba.

"Baba Sayo," mama mkwe akaniita kwa jina la binti yangu, kama kawaida yake. "Mbona umekauka?"

"Nachagua fimbo, mama."

"Unachagua au unahesabu?"

Nikatazama kulia. Tokumaru alikuwa ametupa mgongo, anakunywa chai ya shayiri kutoka kwenye chupa yake. Nikatazama kushoto. Kulikuwa na kichaka kizuri, kinene, hatua mbili tu. Nikatazama mbele. Mwamuzi alikuwa mbali, amekaa kwenye kigari chake.

Nitakwambia ukweli kwa sababu hunijui sura. Nilishaanza kuivuta ile fimbo kuelekea kichakani.

Mama mkwe akapitisha kiganja juu ya vichwa vya fimbo mara moja tu, kama mtu anayehesabu mayai kwenye trei. Kofia yake ya kikedi, ile yenye pazia la kukinga shingo jua, haikutikisika.

"Kumi na tano," akasema. Kisha akanyoosha mkono juu. "Mwamuziii!"

Sauti ile ilizoea kuonya watu walio mashimo mawili mbele. Kunguru waliruka kutoka kwenye misonobari.

"Mama! Taratibu basi!"

"Taratibu ya nini? Mpira wa shimo la pili hujaupiga. Tukisema sasa, adhabu ni mapigo mawili. Ukishapiga, ni manne. Unataka manne?"

Ilikuwa kweli tupu. Lakini mtu mwenye hasira haoni anayemwokoa, anaona anayempigia kelele.

Mwamuzi akafika, bwana mmoja mwembamba aitwaye Iwakiri, mwenye huzuni ya mtu anayelipwa kuleta habari mbaya. Akatoa fimbo moja moja, akazilaza kwenye nyasi. Tulipofika mwisho, tatizo lilionekana kwa macho: fimbo za kusukumia mpira shimoni zilikuwa mbili. Moja ilikuwa yangu, mpya, ndefu, kichwa kipana cha kisasa. Nyingine ilikuwa fupi, nyembamba, imevalishwa mfuko wa zambarau uliofifia.

Mama mkwe akaupapasa ule mfuko. Rangi ikamtoka usoni.

"Hii ni ya marehemu," akasema polepole.

Ilikuwa fimbo ya baba mkwe wangu. Miaka sita tangu afariki, ilikuwa inakaa nyumbani kando ya madhabahu yake, karibu na picha yake, kibakuli cha wali na kikombe cha chai. Haikuwahi kutoka chumba kile. Sasa ilikuwa imelala kwenye nyasi za shimo la pili, mbele ya watazamaji mia moja na themanini.

"Kabla ya kuanza, nani alihesabu?" akauliza Iwakiri.

Nikatazama viatu vyangu.

Unakumbuka kilichotokea shimo la kwanza, ewe uliyesoma wiki iliyopita? Mama mkwe alitaka kuzihesabu kwa sauti, kama kedi wote wanavyofanya. Watazamaji walikuwa wanachekelea: Bwana Mchanga kabebewa mkoba na mama mkwe! Mmoja alikuwa ameshainua simu. Nikamwambia mama kwa kunong'ona: usinihesabie mbele za watu kama mtoto wa chekechea, nimeshahesabu.

Sikuwa nimehesabu kitu.

"Mimi ndiye niliyehesabu," nikamwambia mwamuzi.

"Aha," akasema Iwakiri, akaandika. "Mapigo mawili, yanaongezwa kwenye shimo la kwanza."

Mapigo mawili! Tokumaru mbele, mimi nyuma, na hata jasho la kwanza halijakauka. Damu ikanipanda kichwani. Nikamgeukia mama mkwe, Mungu anisamehe, nikasema maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe hata ndotoni.

"Fimbo hii imetoka nyumbani kwako, mama. Chumbani kwa mumeo. Mimi nikishindwa leo, nani anafaidika? Si wewe na figili zako?"

Tokumaru akapaliwa na chai. Kwenye kundi la watazamaji mtu akasema "Ohoo!"

Mama mkwe akanitazama muda mrefu. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Mwamuzi anasubiri. Toa moja."

Kwa sheria ilikuwa lazima nitoe fimbo moja mchezoni, yoyote nitakayo, na nisiiguse tena hadi mwisho. Mtu mwenye akili angetoa ile ya marehemu na kubaki na yake. Mimi nikafikiri hivi: nikibaki na yangu nikashindwa, nimeshindwa mimi. Nikibaki na ya marehemu nikashindwa, lawama tutagawana, na fungu kubwa ni la mama mkwe.

"Natoa hii yangu mpya," nikasema kwa sauti, watazamaji wasikie. "Kwa kuwa kuna mtu ameona vema niletewe ya marehemu, basi nitacheza na ya marehemu."

Ndiyo, msomaji. Nilichagua fimbo kwa ajili ya kupata kisingizio. Miaka kumi na tisa ya kazi, hiyo ndiyo busara iliyobaki.

Tukaendelea. Mama mkwe alikuwa anasema tarakimu tu. "Mita mia na arobaini na mbili. Upepo usoni. Fimbo namba sita." Basi. Hakusema "vizuri," hakusema "pole," hakusema "baba Sayo."

Shimo la tatu nikasukuma mpira kutoka mita nne. Ukaingia.

Bahati, nikasema.

Shimo la tano, mita saba, kilima katikati. Ukapanda, ukashuka, ukaingia kwa unyenyekevu kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Watazamaji wakapiga makofi. Nikatazama nyuma kuona wanampigia nani.

Shimo la sita ndipo niliposhikwa na kitu. Nilikuwa nimeinama juu ya mpira, mikono imetulia ajabu, nikajiuliza: mbona fimbo hii naijua hivi? Mbona najua itakavyolia kabla haijagusa mpira? Nyasi zilikuwa na kasi ya... kasi ya...

Ya mkeka.

Mungu wangu. Mkeka wa chumba cha marehemu!

Hapa nitakupa siri ambayo hata Kanae haijui. Kila asubuhi naingia chumba cha baba mkwe, nagonga kengele ndogo, nawasha ubani, namsalimu. Mpaka hapo ni mkwe mwema. Kisha nachukua fimbo yake na kusukuma mipira mitatu kwenye ule mkeka mbele ya picha yake, kimyakimya, nikimwomba anipe mkono wake. Ni miaka minne sasa. Mkeka ule una kasi ileile ya nyasi za uwanja huu mwezi wa kumi na moja, na nadhani hata mzee mwenyewe alishaligundua hilo.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye mpira wa tatu mama mkwe alipopiga honi uani. "Baba Sayo, tunachelewa!" Mpira ukapotelea kusikojulikana. Nikashtuka, nikaivalisha fimbo mfuko wake wa zambarau, nikashika mkoba, nika...

Nikaichomeka mkobani. Mkono huu huu ninaoandikia.

Mpira wa shimo la sita uliingia. Sikuuona ukiingia. Nilikuwa namtazama mama mkwe, ambaye alikuwa anaushikilia mlingoti wa bendera, uso mkavu, mzigo wa kosa langu begani.

Hapo mwanaume mwenye heshima angesema nini? Angesema "Mama, nimekukosea." Mimi nikasema, "Upepo umebadilika eti?"

"Haujabadilika."

Nikajiambia nitakiri shimo la saba. La saba lilikuwa gumu, mtu hakiri kwenye shimo gumu. La nane watazamaji walikuwa wengi. La tisa nilikuwa na njaa. Kwenye la kumi akafungua kifurushi cha wali wa kufinyanga. Tokumaru akapewa tonge moja na vipande vitatu vya figili. Mimi nikapewa tonge.

"Mama, figili zangu?"

"Hutaki figili. Umesema mbele za watu."

"Kaka, chukua zangu," Tokumaru akaninong'oneza, ananisogezea kwa mikono miwili.

"Kula, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Wewe bado unakua."

Lakini fimbo ya marehemu haikuwa na habari na ugomvi wetu. Mipira ilikuwa inaingia. Shimo la kumi na mbili nikamfikia Tokumaru, la kumi na nne akanipita kwa pigo moja, la kumi na saba nikamrudia. Watu waliokuja kumtazama Bwana Mchanga akizikwa walikuwa wanakimbia kutoka shimo hadi shimo, na mmoja wao, yule wa simu, alikuwa analia bila sababu ninayoijua.

Basi tukafika shimo la kumi na nane tukiwa sawa. Ni shimo refu, la mapigo matano. Tokumaru akamaliza kwa matano, akavua kofia, akasogea pembeni, akafumba macho. Mimi nilikuwa nimepiga matatu, na mpira wangu ulikuwa mita mbili kutoka shimoni. Nikiuingiza ni manne. Nabaki mimi, anaaga yeye. Nikiukosa ni sare, na sare ni kichanja.

Mama mkwe akachuchumaa nyuma ya mpira. Akasoma nyasi muda mrefu kuliko alivyosoma siku nzima.

"Kulia, upana wa kidole kimoja," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Marehemu alikuwa akifika hapa anatetemeka. Wewe usitetemeke."

Ee bwana! Alivyonihurumia ndipo aliponimaliza. Nilitaka kusema palepale: mama, ni mimi, ni mkono wangu. Mdomo ukafunguka. Nikasikia nikisema, "Kidole cha nani, mama, changu au chako?"

"Piga," akasema.

Nikapiga.

Mpira ukaenda kulia, upana wa kidole kimoja. Ukageuka ulipotakiwa kugeuka. Ukapunguza mwendo. Ukafika mdomoni mwa shimo.

Ukasimama.

Nusu yake ilikuwa nje, nusu nyingine inaning'inia hewani. Watazamaji wakatoa mlio mmoja mrefu. Nikatembea mpaka pale, nikausimamia.

Sheria inasema hivi: ukifika penye mpira unaoning'inia, unaruhusiwa kungoja sekunde kumi. Ukidondoka ndani ya kumi, umeingia halali. Ukidondoka baada ya kumi umeingia pia, lakini unaongezewa pigo moja la kosa la kungoja.

Nikahesabu. Kwa mara ya kwanza siku ile nikahesabu kitu kwa akili timamu. Moja. Mbili. Upepo wa Wanitsuka ulikuwa unagusa bendera. Tatu, nne, tano. Nikamwomba baba mkwe. Sita. Nikamwomba na baba yangu wa kunizaa, ambaye nilimwachia jina lake. Saba. Nane. Mpira ulitetemeka? Tisa. Haukutetemeka. Kumi.

Nilipaswa kuinama na kuugusa. Mgongo ukagoma.

Kumi na moja.

Mpira ukadondoka.

Kelele iliyopasuka pale sijawahi kuisikia katika maisha yangu ya gofu, labda ile ya siku ya mchanga, lakini ile ilikuwa kicheko. Watu walirukaruka. Bibi mmoja alitupa mwavuli. Tokumaru akafumbua macho, akaona hakuna mpira, akapiga magoti.

Iwakiri akaja mbio kutoka upande wa pili wa bendera.

"Samahani sana, kutoka pale sikuona ulifika saa ngapi penye mpira," akasema. "Lazima niulize. Ilikuwa ndani ya sekunde kumi?"

Akamgeukia Tokumaru kwanza.

"Sikuhesabu," kijana akasema, machozi yanamdondoka. "Nilikuwa nimefumba macho naomba usiingie. Kaka, nisamehe, niliomba usiingie."

Akamgeukia mama mkwe.

"Mimi leo nimekatazwa kuhesabu mbele za watu," mama mkwe akasema. "Muulize mwenyewe. Yeye huwa anahesabu."

Wote wakanitazama. Mwamuzi na kalamu yake. Watazamaji mia moja na themanini. Na yeye, chini ya ile kofia ya pazia, macho yametulia kabisa.

Ilikuwa rahisi, msomaji. Neno moja tu. "Tisa." Nani angenibishia? Miaka kumi na tisa nilikuwa naisubiri siku kama ile. Sayo alikuwa nyumbani anatazama. Nilijua mwakani sitaitwa kwenye kianzio chochote, hakuna atakayetangaza jina langu na kulikosea. Niliipenda kazi ile, hata ilivyonidharau. Niliipenda sana.

Lakini asubuhi nilishasema mara moja kwamba nimehesabu.

"Kumi na moja," nikasema.

Iwakiri akafikiri hakusikia. "Ngapi?"

"Kumi na moja. Uliingia kwenye kumi na moja."

Manne yakawa matano. Ushindi ukawa sare. Kelele zikafa moja moja kuanzia mbele kwenda nyuma, na bibi akaenda kuokota mwavuli wake. Tokumaru akanishika mikono yote miwili, akainama mpaka kofia ikamwanguka.

"Kaka, ningekuwa mimi ningesema nane," akalia.

"Ndiyo maana una maisha marefu kwenye mchezo huu," nikamwambia.

Mama mkwe aliipangusa fimbo ya marehemu kwa taulo safi, si lile la siku zote, akaivalisha mfuko wake, akaibeba mkononi mpaka garini. Nyumbani akapika kuku wa kukaanga na siki, na kipande kikubwa kabisa akakiweka kwenye sahani yangu mbele ya Kanae na Sayo. Nikakila chote. Sikukiri. Ningekirije na mdomo umejaa?

Jumatatu, jua limechomoza vizuri, nikapanda kichanja.

Usinicheke. Nilipanda nimefumba macho. Kanae alikuwa chini ananishikia ngazi na kunielekeza: mguu wa kushoto, baba Sayo, huo ni wa kulia. Nilipofika juu nikakumbatia mwanzi kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikaanza kuning'iniza. Figili ni nzito, zimefungwa mbilimbili kwa majani yake. Nilikuwa nimefika ya thelathini na nane, nazihesabu kwa sauti, maana nimejifunza, niliposikia naitwa.

"Baba Sayo!"

Nikafumbua jicho moja: mama mkwe alikuwa amesimama chini, mita sita kutoka miguuni mwangu, mdogo kama kiberiti. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Mama?"

"Hii ni fomu ya mchujo wa wiki ijayo. Walioaga wanacheza, watakaoongoza wanarudishwa msimu mpya. Faksi inafungwa saa sita mchana. Nimeshakujazia."

Moyo ukaruka mpaka nikayumba. Nikaukumbatia mwanzi kwa mikono miwili. "Mama! Na figili?"

"Figili zina miaka mia na ishirini hapa. Zinaweza kungoja wiki moja. Lakini kuna nafasi moja sijaijaza. Jina la kedi."

"Andika lako, mama! Andika la kwako!"

"Nitaandika. Au sitaandika." Akaikunja karatasi, akaitia kwenye aproni, na kutoka mfuko huohuo akatoa kitu kingine. "Asubuhi hii nimefagia chumba cha marehemu. Chini ya madhabahu nimeokota hiki."

Akakiinua juu. Kilikuwa mpira mweupe wa gofu. Hata kutoka kule juu niliziona nukta tatu nyekundu, zile ninazozichora mwenyewe kwenye kila mpira wangu, ili nisije nikacheza wa mwenzangu kwa bahati mbaya.

"Nitauliza mara moja tu," mama mkwe akasema. "Fimbo ya mume wangu iliingiaje kwenye mkoba wako?"

Nikafumba macho tena, nikatafuta ngazi kwa mguu wa kushoto. Mguu ukakuta hewa. Nikajaribu wa kulia. Hewa.

Nikalazimika kufumbua macho na kutazama chini. Ngazi ilikuwa begani kwa Kanae, mke wangu wa ndoa, anakwenda nayo taratibu kuelekea dukani, wala hageuki.